Santuri za Marehemu Jim Reeves na Hukumu za Waliozisikiliza

Katika mwezi wa Septemba 1966, wakati vijana wa Uingereza walipokuwa wamelewa sauti za magitaa ya umeme, na majina ya Beatles na Rolling Stones yakitajwa katika kila nyumba yenye redio, wimbo uliouzwa kuliko nyimbo zote nchini humo ulikuwa wa mtu wa makamo kutoka Texas, mwenye kuvaa suti na kuimba kwa upole kana kwamba anachelea kumwamsha mtoto, na ambaye alikuwa amekwisha kaa kaburini miaka miwili na zaidi. Wimbo huo uliitwa Distant Drums, na mwimbaji wake alikuwa Jim Reeves. Ulikaa kileleni majuma matano. Waliounyanyua mpaka hapo hawakuandika makala magazetini kueleza sababu zao. Na wahakiki walioandika makala, kwa upande wao, aghalabu hawakuwa miongoni mwa walioununua. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua hukumu ya wasikilizaji juu ya marehemu huyu hana budi kuitafuta mahali ambapo wao wenyewe waliiweka: katika fedha walizotoa, katika barua walizopeleka kwenye vituo vya redio, na katika ubishi wao wa barazani, ambao haujesha hata leo.

James Travis Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 katika kitongoji cha Galloway, wilaya ya Panola, mashariki ya Texas, akiwa kitindamimba katika nyumba ya wakulima wasio na mali. Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Ujanani alisifika kwa kutupa mpira wa besiboli, hata mwaka 1944 akaandikwa na St. Louis Cardinals kuchezea timu zao za chini, na lau si jeraha la mguu lililomkatiza mchezo miaka michache baadaye, pengine asingalitafuta riziki kwa koo lake. Alipokosa mpira alishika utangazaji wa redio, kwanza katika mji mdogo wa Henderson na kisha katika kituo cha KWKH cha Shreveport, Louisiana, kilichokuwa maarufu kwa tamasha lake la Jumamosi lililoitwa Louisiana Hayride. Kazi hiyo ya utangazaji, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomfunza jambo ambalo waimbaji wengi wa nyakati zake hawakulijua, yaani kwamba mtu asemaye redioni hahutubii umma uliokusanyika uwanjani, bali husema na mtu mmoja aliyeketi nyumbani kwake.

Lakini somo hilo halikuingia katika uimbaji wake mara moja. Nyimbo zilizomtoa gizani, Mexican Joe ya 1953 na Bimbo iliyofuata, alizitolea kampuni ndogo ya Abbott, na azisikiaye leo hushangaa, maana sauti imo juu, kali, yenye haraka na mzaha, kama ilivyokuwa desturi ya wanamuziki wa mashamba (country) wa Marekani. Mwaka 1955 alichukuliwa na kampuni kubwa ya RCA Victor, na huko Nashville akakutana na Chet Atkins, bingwa wa gitaa aliyekuwa pia msimamizi wa kurekodi. Mwaka 1957, katika wimbo uitwao Four Walls, Reeves alishusha sauti mpaka ikafika chini ya kifua, akausogelea mdomo wa maikrofoni karibu ya kuugusa, na akaimba kwa kunong'ona. Husimuliwa kwamba Atkins mwenyewe alidhani wimbo ule unamstahili zaidi mwanamke. Ulipotolewa ulifika nambari 1 katika orodha ya muziki wa mashamba, na ukavuka mpaka ukaingia katika orodha ya nyimbo za watu wote, ukafika nambari 11.

Hapo ndipo fitina ya kwanza ilipozuka baina ya wasikilizaji. Katika santuri mpya za Nashville, fidla na gitaa la chuma, ambazo kwa watu wa Kusini ya Marekani zilikuwa ndizo roho ya muziki wao, zilitolewa au zikasukumwa nyuma, na mahali pake pakawekwa kinanda cha Floyd Cramer, kwaya ya Anita Kerr, na baadaye nyuzi za okestra. Wazee walioshika mila walisema kwamba muziki wao umevishwa koti la mjini, na kwamba Reeves ameuza urithi. Inasemwa kwamba Chet Atkins, alipoulizwa nini hasa sauti hii mpya ya Nashville, alitia mkono mfukoni akachezesha sarafu zikalia. Ni jibu la mzaha, lakini lina ukweli mwingi kuliko majibu mengi marefu. Hata hivyo si haki kusema kuwa fedha peke yake ndiyo iliyomtengeneza Reeves. Waimbaji wengine walizungushiwa nyuzi na kwaya zile zile na wamesahaulika, kwa kuwa nyuzi haziwezi kumpa mtu pumzi, wala matamshi, wala ule utulivu wa kumaliza neno kabla ya kulishika jingine.

Tashwishi yote iliondoka mwaka 1960, ilipoenea He'll Have to Go, kazi ya mume na mke, Joe na Audrey Allison. Bi. Audrey, husimuliwa, alikuwa na sauti ndogo isiyosikika vema katika simu, na kutokana na udhia huo wa nyumbani likazaliwa wazo la mwanamume anayempigia simu kipenzi chake, naye yu pamoja na mwingine. Reeves aliusikia redioni ukiimbwa na mtu mwingine, Billy Brown, akautaka. Kampuni iliuweka upande wa pili wa sahani, kwa kuwa tumaini lake lilikuwa katika wimbo wa upande wa kwanza, In a Mansion Stands My Love, ambao leo haukumbukwi ila na wachunguzi. Watangazaji waliigeuza sahani wenyewe. He'll Have to Go ulikaa nambari 1 ya muziki wa mashamba majuma 14 katika mwaka 1960, ukafika nambari 2 katika orodha kuu ya Marekani, kisha ukasafiri ng'ambo kwa bahari zote. Nautaja mkasa huu wa kugeuzwa sahani kwa sababu unaonyesha mapema ni nani aliyekuwa kadhi katika kadhia nzima ya Jim Reeves: si kampuni.

Naam, naye mwimbaji alisafiri. Mwaka 1962 alikwenda Afrika ya Kusini pamoja na Atkins na Cramer, akapokewa kwa umati mkubwa, akarudi tena kuigiza katika filamu ya Kimberley Jim, na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaans. Mwaka 1963 alizunguka Ireland na Uingereza, ambako alichoshwa na vinanda vibovu visivyolingana sauti, na mwaka 1964, miezi michache kabla ya mauti, alipita Ulaya akaimba Oslo, katika nchi ya Norwe iliyompenda mapenzi ambayo haijayaacha. Mintarafu ya safari ya Afrika ya Kusini, kalamu ya Mwafrika haiwezi kupita bila kusita. Nchi ile ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Mauaji ya Sharpeville yalikuwa ya 1960, na yeye akafika muda mfupi baadaye kuburudisha, bila neno lolote la upinzani ambalo historia imeliweka. Wasikilizaji wake wengi katika bara hili hawakuyajua hayo, na waliokuja kuyajua baadaye wengi wao walimsamehe. Mimi sisemi kwamba walikosea kumsamehe, ila nasema ya kuwa upole wa sauti usituzibe macho tukadhani ni ushujaa wa moyo.

Tarehe 31 Julai 1964, akirudi Nashville kutoka Batesville, Arkansas, ambako alikwenda kwa shughuli ya ardhi, Reeves alikuwa akiendesha mwenyewe ndege ndogo aina ya Beechcraft, pamoja na mpiga kinanda wake, Dean Manuel. Walipokaribia mji waliingia katika mvua ya radi, na ndege ikaanguka msituni karibu na Brentwood. Mamia ya watu waliwatafuta, na mabaki hayakuonekana mpaka tarehe 2 Agosti. Alizikwa karibu na Carthage, katika wilaya aliyozaliwa, akiwa bado hajatimiza miaka 41.

Mauti ya mwimbaji kwa kawaida hufunga kitabu chake. Yake yalifungua kingine kinene zaidi. Mwaka ule ule RCA iliuza The Best of Jim Reeves, santuri ya mkusanyiko wa nyimbo zake teule, ikanunuliwa kwa wingi na watu waliokuwa katika msiba. Lakini mjane wake, Mary, pamoja na kampuni, walikuwa na hazina kubwa zaidi, yaani nyimbo zilizokamilika ambazo hazijatolewa, na kanda za majaribio alizoimba kwa gitaa na ala chache tu, nyingine akiwa hana nia kwamba umma utazisikia. Chet Atkins alizichukua kanda hizo, akaita okestra na kwaya, akawaamuru wapige huku wakiisikiliza sauti ya marehemu masikioni mwao, na zikatokea santuri ambazo msikilizaji asiyeambiwa asingalijua kwamba mwimbaji na wapigaji hawakukutana kamwe chumbani. Kwa njia hii na kwa akiba ya zile zilizokuwa tayari, Reeves alipata nyimbo sita za nambari 1 katika orodha ya mashamba ya Marekani baada ya kufa kwake, kuanzia I Guess I'm Crazy ya 1964 mpaka I Won't Come In While He's There ya 1967.

Distant Drums ulikuwa mmoja wa hizo. Ulitungwa na bibi hodari wa Texas, Cindy Walker, na Reeves aliurekodi kama kielelezo tu cha kumridhisha mtunzi. Ni maneno ya askari asikiaye ngoma za vita zikimwita kutoka mbali, naye anamsihi mchumba wake wafunge ndoa kabla hajaondoka. Na mchumba huyo, kwa sadfa ya ajabu, anaitwa Mary. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Kwa hiyo Wamarekani waliokuwa na wana jeshini waliusikia kwa sikio moja, na Waingereza, ambao hawakuwa na wana huko, waliusikia kwa sikio jingine, wakaona ni marehemu anayemwita mjane wake. Hakuna hata moja katika maana hizo iliyokuwamo katika nia ya mwimbaji alipouimba. Santuri ndefu iliyochukua jina la wimbo huo mwaka 1966 ilikuwa mkusanyo wa vipande vya nyakati mbalimbali, vilivyounganishwa kwa uzi wa soko, na bado ilishika nambari 1 miongoni mwa santuri za mashamba za Marekani, na nambari 2 huko Uingereza.

Rai za wasikilizaji juu ya kazi hizo ziligawanyika makundi, ijapokuwa makundi hayakulingana kwa ukubwa. Wengi, wallahi wengi mno, waliona ni neema. Mpenzi wao ametwaliwa ghafula, na sasa kila mwaka huja na zawadi mpya, mtu akashukuru bila kuuliza ilikotoka. Wachache walihisi uchungu kuona ya kuwa mtu anaimbishwa katika nguo asizochagua, pengine kwa mwendo wa nyuzi ambao yeye, aliyekuwa mkali sana studioni na mgumu wa kuridhika, angaliukataa. Na wahakiki, hasa wa Uingereza, walioona ni sukari tupu, waliwacheka wote pamoja. Mimi huona kwamba hao wahakiki walisikia nyuzi wakadhani wamesikia sauti. Ukiitenga sauti na mapambo yake huoni sukari nyingi: unaona mtu asiyepandisha koo kwa kutaka sifa, asiyelia pale ambapo maneno yenyewe yanalia, na mwenye kumwachia msikilizaji nafasi ya kuweka huzuni yake mwenyewe.

Nafasi hiyo ndiyo iliyomleta mpaka kwetu. Katika Afrika ya Mashariki ya miaka ya 1960 na 1970, redio ndogo za betri zilipokuwa zimeingia vijijini, na gramafoni ikiwa ni fahari ya sebule za walimu, makarani na wauguzi, Jim Reeves alipata wasikilizaji ambao hawakuwa na habari ya Nashville wala ya ugomvi wa fidla na nyuzi. Huko Kenya, Idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, iliyorudi kuitwa KBC mwaka 1989, ilimweka katika vipindi vyake vya nyimbo za zamani, na Sundowner, kipindi cha jioni kilichopendwa na watu wazima, kilimfanya awe jamaa wa nyumba. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, kila neno limetamkwa likatimia, hata mwanafunzi wa darasa la kati aliweza kuyaandika maneno katika daftari lake. Santuri yake ya nyimbo za dini, We Thank Thee ya 1962, na ile ya Krismasi ya 1963, Twelve Songs of Christmas, ziliingia katika nyumba ambazo dansi haikuruhusiwa kuingia. Na mpaka leo, ifikapo Desemba, masoko ya Nairobi na Kampala humsikia akiimba habari za theluji kwa watu wanaokausha jasho.

Wala watu wa huku hawakuwa wageni wa uimbaji wa namna hii. Marehemu Fundi Konde wa Pwani ya Kenya alikuwa amekwisha kuwazoeza, kwa Kiswahili, kwa sauti tulivu juu ya gitaa, katika sahani za miaka ya 1940 na 1950. Kwa hiyo Reeves alikuta masikio yaliyokwisha kulainishwa. Na hukumu yao juu yake haikufanana na ya London wala ya Nashville. Hawakuuliza kama ni muziki halisi wa mashamba. Waliuliza kama unafaa kupigwa mbele ya wazazi, mbele ya mchungaji, harusini na matangani. Ni wimbo gani mwingine wa mapenzi unaoweza kusikizwa na baba na binti katika sebule moja pasipo mmoja wao kutoka nje? Waliomlaumu walikuwapo: vijana wa mwamko wa uhuru waliouona wororo wake kuwa mabaki ya Mzungu, na wapenzi wa rumba ya Kongo waliosema kwamba muziki usiomwinua mtu kitini haukumaliza kazi. Lakini hata hao, ikifika saa ya msiba, waliziacha sahani zake zizunguke.

Mwaka 1975 kampuni ya Arcade, iliyozoea kutangaza bidhaa zake katika televisheni, iliwauzia Waingereza mkusanyiko wa nyimbo 40 za Reeves, 40 Golden Greats, na katika majira ya vuli ukashika nambari 1 ya santuri zote kwa majuma matatu, muda mfupi tu baada ya Pink Floyd kukalia kiti hicho hicho. Kabla ya mwaka kwisha, Perry Como, mwimbaji mwingine wa sauti ya kubembeleza, naye akapanda kwa mkusanyiko wa nyimbo 40. Wachunguzi wa soko walishtuka kugundua hirimu nzima ya wanunuzi waliokuwa wamesahauliwa, watu wa makamo ambao waliona haya kuingia duka la santuri lililojaa vijana wenye nywele ndefu, lakini hawakuona haya kuagiza baada ya tangazo la jioni. Kwao, mkusanyiko ulikuwa bora kuliko santuri za asili, maana hawakutaka kumsoma mtunzi hatua kwa hatua. Walitaka maisha yao wenyewe, yamepangwa upande wa kwanza na upande wa pili.

Mambo yaliyofuata siwezi kuyatetea. Mwaka 1979 sauti yake iliunganishwa na ya binti mmoja, Deborah Allen, aliyekuwa mtoto mdogo Reeves alipofariki, na nyimbo hizo zikauzwa vizuri. Mwaka 1981 mafundi walizichomoa sauti mbili, yake na ya Patsy Cline, ambaye naye alikufa kwa ajali ya ndege mwezi Machi 1963, wakazioanisha katika Have You Ever Been Lonely, wakapiga ala mpya chini yake, na wimbo ukapanda katika orodha kana kwamba maiti wawili walikuwa wameagana kukutana studioni. Hayo yaliwezekana kwa sababu sauti zao zilikuwa zimehifadhiwa katika mstari wa peke yake ndani ya kanda. Katika Distant Drums walau mtu aliimba wimbo mzima kwa hiari yake, na wengine wakamfuata. Hapa mtu anafanywa kumjibu mwenzake ambaye hakumsikia. Wasikilizaji, hata hivyo, walinunua, na wengine husema mpaka leo kwamba ndio wimbo wanaoupenda kuliko wote, nami sina mamlaka ya kuwapokonya.

Mwaka 1994 kampuni ya Kijerumani iitwayo Bear Family, yenye subira ya kikadhi katika kazi zake, ilitoa sanduku la sidii 16, Welcome to My World, lililokusanya rekodi za Reeves kwa mpangilio wa tarehe. Wapenzi wa miaka mingi waliweza sasa kuzipima zile zilizopambwa baadaye kwa kumlinganisha marehemu na yeye mwenyewe alivyokuwa akiimba hai, na ubishi wa tangu 1966 ukapata ushahidi mezani. Wapo waliosema kuwa wamempata mtu wao kwa mara ya kwanza, amevuliwa mapambo, na hawatarudi nyuma. Wapo, na si haba, waliosikiliza kwa heshima mpaka mwisho, wakalifunika sanduku, kisha wakaiweka ile sahani ya zamani yenye mikwaruzo na nyuzi nyingi kupita kiasi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia nyumbani mwao mama alipokuwa hai.